Amri 613 za Wayahudi: hakuna Myahudi anayezishika zote, na haikukusudiwa hivyo

Kalamu_ya_Mkaa (mleta mada):

Wakuu, salaam.

Kila baada ya siku kadhaa kuna mtu anarusha hoja ileile kwenye jukwaa letu: "Wayahudi wana amri 613, binadamu hawezi kuzishika zote, kwa hiyo dini yao ni mzigo usiobebeka." Wengi wanaosema hivyo wamemsoma mtume Paulo wakadhani wameshamsoma Myahudi. Nimeona nifungue uzi tuongee kwa kutulia. Siasa za Mashariki ya Kati zina nyuzi zake, tafadhali msizilete hapa.

Tuanze na namba yenyewe. Haimo kwenye Torati. Soma kuanzia Mwanzo mpaka Kumbukumbu la Torati, hutakuta Mungu akisema "nimewapa amri 613". Aliyeitaja ni rabi Simlai wa karne ya 3, na maneno yake yamo kwenye Talmudi, ule mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi: makatazo 365 sawa na siku za mwaka wa jua, na maagizo 248 sawa na viungo vya mwili kwa hesabu yao. Yalikuwa mahubiri, wala hakuacha orodha. Orodha ilikuja kuwa ugomvi wa karne nyingi. Inayojulikana zaidi ni ya Maimonides, yule tabibu mzaliwa wa Cordoba aliyefia Misri mwaka 1204. Aliandika kitabu kizima cha amri, kwa Kiarabu, na kabla ya kuanza kuhesabu akaweka kanuni 14 za nini kihesabiwe na nini kiachwe. Baadaye Nachmanides wa Hispania akazipinga nyingi za kanuni hizo. Namba wanakubaliana, yaliyomo ndani yake ndiyo wanayobishania.

Na ukurasa uleule wa Talmudi unaendelea na jambo ambalo wapingaji hawalisomi: kwamba Daudi alizikusanya amri zote katika mambo 11 (ile Zaburi ya 15), Isaya katika 6, Mika katika 3, na Habakuki katika moja tu, "mwenye haki ataishi kwa imani yake". Ndiyo, mstari uleule alioutumia Paulo.

Sasa hoja yangu. Zile 613 ni amri za taifa zima, si za mtu mmoja. Kuna amri za kuhani tu. Kuna za Walawi. Kuna za mfalme: asijiongezee farasi, asijiongezee wake, ajiandikie nakala yake ya Torati. Kuna za mwenye shamba ndani ya nchi ya Israeli. Kuna ya aliyejenga nyumba yenye dari la kukanyagika, aweke ukingo mtu asije akaanguka. Kuna ya anayemwacha mkewe, ampe hati ya talaka. Sijasikia mtu akiomba Mungu ampe nafasi ya kuitimiza hiyo. Wanawake wameondolewa kwenye maagizo mengi yanayofungwa na saa maalumu. Kuhani mkuu ana makatazo ambayo hayamgusi mchunga mbuzi hata kidogo.

Halafu mwaka 70 Waroma waliteketeza Hekalu la Yerusalemu. Dhabihu zikakoma, na sehemu kubwa sana ya amri ikakosa mahali pa kutendewa. Rabi Israel Meir Kagan wa mji wa Radun, aliyefariki 1933, alikusanya zile ambazo Myahudi wa leo bado anaweza kuzitenda akapata maagizo 77 na makatazo 194. Jumla 271, na humo zipo ambazo mtu wa kawaida anamaliza maisha yake bila kukutana nazo.

Karibuni. Ulizeni.

Mpiga_Debe_Mstaafu:

Naweka kambi hapa. Mkuu, shusha nondo za Sabato. Nasikia hata swichi ya taa hawagusi. Kweli au soga?

Shemasi_wa_Sabato:

Na mimi nidandie hapohapo. Sisi Wasabato tunaanza Ijumaa jua likizama hadi Jumamosi jua likizama. Kupika na kufua tunamaliza siku ya maandalio, lakini taa tunawasha, na kanisani tunaenda na gari. Hayo ya swichi yako mstari gani?

Kalamu_ya_Mkaa:

Ni kweli, hagusi. Nazungumzia yule anayeishika kwa ukamilifu, kuanzia Ijumaa kabla jua halijazama mpaka Jumamosi nyota zikionekana.

Shemasi, mstari wa swichi haupo, na hapo ndipo utamu ulipo. Torati inasema usifanye kazi, haisemi kazi ni nini. Marabi wakaona kwamba kwenye kitabu cha Kutoka, sura ya 31 na ya 35, agizo la Sabato limewekwa bega kwa bega na ujenzi wa hema la kukutania. Wakasema basi kazi zilizolijenga hema ndizo zinazosimama siku hiyo. Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi ambao Talmudi inaufafanua, inazitaja, "arobaini kasoro moja": kulima, kupanda, kuvuna, kusaga, kukanda, kuoka, kukata manyoya ya kondoo, kufuma, kufunga fundo, kujenga, kubomoa, kuzima moto, kuwasha moto, kutoa kitu eneo moja kukipeleka jingine. Kuandika nako kumo, kiwango chake herufi mbili, kwa sababu mbao za hema ziliwekewa alama ili kila ubao urudi kando ya mwenzake.

Kwa hiyo suala si jasho. Ukilisukuma kochi kutoka sebuleni mpaka chumbani ukahema kama umetoka mbioni, kazi iliyokatazwa hujaifanya. Ukitoka mlangoni na leso mfukoni ukaingia nayo barabara kuu, umeifanya.

Akina mama wataelewa haraka zaidi. Kwenye orodha ile kupepeta, kuchambua na kuchekecha ni kazi tatu mbalimbali. Una sinia la mchele lenye mawe. Siku ya Sabato huruhusiwi kutoa mawe kwenye mchele. Unaweza kutoa mchele ukayaacha mawe, kwa mkono, bila chombo cha kuchambulia, na uwe ni wa kuliwa muda huohuo. Ndiyo maana Wayahudi wa Ulaya Mashariki walizoea samaki wa kusagwa siku ya Sabato, mabonge yasiyo na mwiba, maana kutoa miiba mezani kunawaingiza kwenye "kuchambua".

Umeme nao. Torati, Kutoka 35:3, inakataza kuwasha moto. Balbu za zamani, zile za waya unaong'aa, wengi walizihesabu kuwa moto. Umeme usio na moto ndio uliowagawa. Avraham Yeshaya Karelitz, maarufu kama Chazon Ish, alisema kuunganisha mkondo wa umeme ni sawa na kujenga. Shlomo Zalman Auerbach wa Yerusalemu akazipitia hoja zote za kukataza, akaona hazisimami sawasawa, kisha akasema hata hivyo desturi ya watu ishikwe. Huyo namheshimu sana. Alishinda mjadala, halafu hakuutumia ushindi wake.

Nyumbani inakuwaje? Taa zinawekewa saa ya kujizima na kujiwasha tangu Ijumaa. Balbu ya friji inalegezwa mapema. Sufuria la maharage, nyama na shayiri linaachwa juu ya moto mdogo uliofunikwa kwa bati toka Ijumaa jioni, linaliwa Jumamosi mchana likiwa limeiva mpaka limebadilika rangi. Kwenye maghorofa kuna lifti inayosimama kila sakafu yenyewe, ukingoja unafika.

Bint_Tanga:

Asalaam alaykum wote. Kaka, naomba upande wa nyama. Nina ndugu yangu yuko Ulaya, anasema akikosa halali ananunua kosha, ile iliyoandaliwa kwa sheria za Wayahudi. Ni kitu kimoja?

Kalamu_ya_Mkaa:

Waalaykum salaam, dada. Ni mitaa jirani, si nyumba moja.

Yanayofanana unayajua: nguruwe hapana, damu hapana, mzoga hapana, mnyama achinjwe kwa kukatwa koo. Waislamu wengi wanategemea aya ya 5 ya Suratul Maida kuhusu chakula cha Watu wa Kitabu, ndipo nduguyo anapata njia. Ila kosha inaruhusu mvinyo, kwa hiyo pakiti ya mchuzi yenye muhuri wa kosha asiifakamie bila kusoma.

Upande wa pili hawarudishi: nyama ya Mwislamu haiwi kosha, maana mchinjaji lazima awe Myahudi aliyesomea na kupewa idhini. Kisu chake hakiruhusiwi kuwa na pengo hata dogo. Anakipima kwa kupitisha makali taratibu juu ya ukucha, aende na kurudi, kabla ya kuchinja na baada. Kisha mapafu yanakaguliwa, na mshipa wa paja unaondolewa kwa ajili ya ile habari ya Yakobo kuteguka nyonga. Nyama inalowekwa nusu saa, inapakwa chumvi ya mawe pande zote, inakaa saa moja ikitoa damu kwenye kitu kilichoinama, inasuuzwa. Ngamia kwao ni haramu. Sungura pia.

Halafu lipo la maziwa. Torati inasema mara tatu usimtokose mwanambuzi katika maziwa ya mama yake. Kutoka hapo wamefika kwenye vyungu viwili, sahani za aina mbili, masinki mawili kwa mwenye uwezo. Ukila nyama unangoja ndipo unywe chai ya maziwa: wengi saa 6, waliotoka Ujerumani saa 3, Waholanzi saa 1. Mungu huyohuyo, tumbo hilohilo.

Sangara_wa_Nyegezi:

Na samaki je? Huku Mwanza kuna minofu inasafirishwa ikiwa imeachiwa kipande cha ngozi chenye magamba. Nimekuwa nikijiuliza ni pambo la nini.

Kalamu_ya_Mkaa:

Umegusa penyewe, mkuu. Walawi 11 inataka samaki awe na mapezi na magamba. Sato anapita, sangara anapita, changu na jodari wanapita. Kambale hana magamba, nje. Papa nje. Kamba, kaa, pweza, ngisi, wote nje, kwa hiyo Myahudi akitua Forodhani jioni ana kazi ya kuchagua.

Mnofu uliochunwa ngozi hauna ushahidi wa alikuwa samaki gani. Mteja anayeshika kosha anataka aone magamba kwa macho, ndiyo kile kipande. Na sangara wa Ziwa Victoria anauzwa Israeli tangu zamani, kule wanamwita Binti Mfalme wa Nile. Siwezi kusema kila mnofu wa huko kwenu wenye ngozi unakwenda kwao, wapo wanunuzi wengine wanaopenda ngozi, lakini sababu moja ni hiyo.

Wakili_wa_Mtaani:

Mkuu nimesoma kote, nikuulize kitu kimoja cha kisheria. Saa ya kuzima taa, lifti inayojiendesha... huu si ujanjaujanja? Mtu anamzunguka Mungu mchana kweupe. Afadhali angewasha taa akatubu.

Kalamu_ya_Mkaa:

Nilikuwa naisubiri hii.

Nikuongezee silaha kabla sijajibu. Kutembea na kitu barabarani Sabato ni marufuku, hata kumbeba mtoto au kumsukuma kwenye kigari. Basi wanazungushia mtaa mzima nguzo na waya juujuu, ile mistari inahesabika kuwa kuta na malango, na wakazi wanashirikishwa kwa chakula cha pamoja, hivyo eneo lote linakuwa mithili ya ua mmoja. Sehemu kubwa ya Manhattan imezungushiwa. Kila wiki kuna mtu anaukagua waya kabla ya Ijumaa jioni. Ukikatika, watu wanatangaziwa, na mama mwenye mtoto mchanga anabaki nyumbani.

Nyingine: mwaka wa saba Torati inafuta madeni (Kumbukumbu la Torati 15). Ikatokea kile ambacho Torati yenyewe ilikionya: matajiri wakakataa kukopesha mwaka wa saba ukikaribia. Maskini waliokusudiwa kusaidiwa wakakosa hata pa kukopa. Hillel, aliyeishi siku za mfalme Herode, akaweka hati ambayo mdai anayakabidhi madeni yake kwa mahakama. Deni la mtu binafsi linafutwa, lililo mikononi mwa mahakama halifutwi. Mikopo ikarudi.

Ni ujanja? Kwa sheria, ndiyo, ni ujanja. Lakini tazama nani amefaidika. Kwenye waya ni mama mwenye kichanga. Kwenye hati ni maskini. Na hakuna aliyesema "amri imepitwa na wakati, tuiache". Wameiacha ilipo, wakatafuta mlango ndani ya ukuta uleule. Akina Bint_Tanga wataitambua njia hii: Torati inakataza riba kati ya Myahudi na Myahudi, kwa hiyo benki za Israeli zina mkataba wa kiujumla unaougeuza mkopo kuwa ubia wa biashara. Ukiisoma unasema mbona hii ni mudharaba, ule ubia wa Kiislamu wa mwenye mtaji na mfanyabiashara.

Mimi sidai kila mlango ni mzuri. Kabla ya Pasaka wanamuuzia asiye Myahudi kila kilichotiwa chachu, shehena nzima ya viwanda vya pombe pamoja, kisha wanainunua tena sikukuu ikiisha. Mkataba ni halisi, hela ya kutangulia inatolewa, mnunuzi akikomaa ni mali yake. Hapo hata mimi huwa natabasamu.

Wakili_wa_Mtaani:

Sawa, lakini nani aliwapa marabi mamlaka hayo?

Kalamu_ya_Mkaa:

Wenyewe wana kisa. Rabi Eliezer alibishana na wenzake kuhusu tanuri la aina fulani, kama laweza kunajisika. Wenzake walipokataa hoja zake akasema, kama niko sahihi mkharubu huu uthibitishe. Mti ukang'oka ukahama. Wakasema mti si ushahidi. Mfereji wa maji ukarudi nyuma. Maji si ushahidi. Kuta za darasa zikaanza kuinama. Rabi Yoshua akazikemea, wanazuoni wakibishana ninyi yanawahusu nini? Mwisho sauti ikatoka mbinguni: sheria ni kama asemavyo Eliezer. Yoshua akasimama akanukuu Kumbukumbu la Torati 30, "haiko mbinguni". Yaani Torati ilishatolewa, sasa ni kazi ya wengi kuamua. Na kisa kinasema Mungu alicheka, akasema wanangu wamenishinda.

Haikuwa furaha tupu, lakini. Walimtenga Eliezer, na sehemu inayofuata ya kisa ni ya machozi. Watu wengi hukisimulia mpaka kwenye kicheko wakaishia hapo.

Muuguzi_wa_Zamu:

Mimi niko wodini, swali langu ni fupi. Mgonjwa Myahudi, Sabato, anahitaji upasuaji. Inakuwaje?

Kalamu_ya_Mkaa:

Anapasuliwa, na hakuna kusitasita. Walawi 18:5 inasema mtu azitende amri "ataishi kwa hizo". Talmudi inamalizia: aishi, asife kwa hizo. Hata kwa mashaka tu ya hatari, daktari anaendesha gari, anapiga simu, anawasha kila kitu. Na anayekimbilia kuuliza rabi kwanza wakati mtu anakata roho, analaumiwa. Yapo matatu tu ambayo mtu anatakiwa afe kuliko kuyatenda: kuabudu sanamu, uzinzi wa maharimu na wake za watu, na kuua.

Hili utalipenda. Siku ya Upatanisho ni mfungo wa saa 25, bila maji. Mishna inasema mjamzito akinusa chakula akakitamani kiasi cha kuhatarika, alishwe mpaka atulie. Na Talmudi inaongeza: mgonjwa akisema "nahitaji kula" huku daktari akisema hahitaji, anasikilizwa mgonjwa, kwa sababu Mithali 14:10 inasema moyo ndio unaojua uchungu wake.

Muuguzi_wa_Zamu:

Hiyo ya mgonjwa kusikilizwa ingebandikwa ukutani kwetu.

Boda_wa_Mbale:

Wazee, mimi niko Uganda. Hapa kwetu kilima cha Nabugoye wapo Wayahudi weusi. Nao wanashika haya yote?

Kalamu_ya_Mkaa:

Abayudaya hao. Asili yao ni Semei Kakungulu, jemadari aliyewasaidia Waingereza kuiteka mashariki ya Uganda akaja kukosana nao. Alikuwa Mkristo, akisoma Agano la Kale akawa anashikilia kilichoandikwa. Mwaka 1919 alipofikia tohara wenzake wakamwambia hiyo ni ya Wayahudi. Akajibu basi sisi ni Wayahudi, akatahiriwa yeye na wanawe. Idi Amin aliipiga marufuku dini yao. Wengi wakaondoka, waliobaki wakasali kwa kificho mpaka alipoanguka 1979. Mwaka 2002 marabi wa mkondo wa Kikonsavativu, mmoja wa mikondo ya dini ya Kiyahudi, wakawapitisha mamia kwenye wongofu rasmi, na rabi wao Gershom Sizomu alisomea Los Angeles, akapewa daraja 2008, akaja kuwa mbunge 2016.

Wanashika Sabato, wanachinja kikosha. Wayahudi wengi wa mkondo wa Kiorthodoksi, wale wanaoishika sheria kwa ukali zaidi, hawautambui ule wongofu. Hapo unaona kwamba "kushika amri" na "kuhesabiwa miongoni mwa wanaoamriwa" ni kesi mbili.

Na wasioshika wapo tele, tena kwa msimamo. Cincinnati, Marekani, mwaka 1883, chuo cha marabi wa Mageuzi, mkondo wa Kiyahudi unaokubali sheria za kale zibadilike, kilifanya karamu ya mahafali, mezani wakaandaliwa kaa, kamba na miguu ya vyura. Baadhi ya wageni waliinuka wakaondoka. Miaka miwili baadaye, mjini Pittsburgh, mkondo huo ukaandika rasmi kwamba sheria za vyakula haziwafungi tena. Nguruwe hakuwepo kwenye ile karamu, sijui walijizuia nini.

Shemasi_wa_Sabato:

La mwisho kwangu, mkuu. Mtu anashika amri asiyojua sababu yake, thawabu iko wapi?

Kalamu_ya_Mkaa:

Shemasi, hilo limewaumiza wao kabla yako. Kumbukumbu la Torati 22: ukikuta kiota chenye makinda, mwachie mama aende, ndipo uchukue makinda, "upate kufanikiwa na kuzidisha siku zako". Ahadi kama hiyo iko kwenye kumheshimu baba na mama. Talmudi inasimulia: baba alimwambia mwanawe apande juu akamletee makinda. Kijana akapanda, akamfukuza mama, akachukua makinda. Amri mbili kwa mpigo, zote mbili za maisha marefu. Wakati wa kushuka akaanguka akafa.

Wapo wasemao Elisha ben Abuya, mwanazuoni mkubwa, aliona tukio la namna hiyo akaiacha imani. Rabi Yakobo akasema siku ndefu zilizoahidiwa ni za ulimwengu ujao, wa hapa hakuna aliyeahidiwa kitu. Na huyu Yakobo alikuwa mtoto wa binti yake Elisha.

Bint_Tanga:

Mjukuu ndiye aliyemjibu babu?

Kalamu_ya_Mkaa:

Ndiye. Na Talmudi inasema wazi: Elisha angeusoma ule mstari kama mjukuu wake, asingepotea. Hata hivyo hawakulifuta jina lake. Mafundisho aliyoyatoa kabla ya kuondoka bado yanasomwa kwenye kitabu chao cha mausia ya mababa, pamoja na ya waliobaki.